Upanga Uliopelekwa na Mwingine

Bwana asifiwe, wapendwa. Wiki hii usingizi umenikimbia. Kwenye matanga ya mama nilimtolea kaka yangu mkubwa maneno makali mbele ya ukoo mzima, kisa mpaka wa shamba. Jumanne nikamtuma kitindamimba wangu na mkungu wa matoke: "Mwambie baba mkubwa, baba anakusalimu." Alhamisi nikiwa kwenye boda boda kwenda Busia mjini, nikauona mkungu ule ule barazani kwake, umeegemezwa ukutani, ndizi zimeanza kuwa za manjano. Hakuna hata moja iliyomenywa.

Hapo nikakumbuka vita vya uhuru wa Marekani. Tarehe 19 Oktoba 1781, pale Yorktown, askari zaidi ya 7,000 wa Uingereza walisalimu amri. Jemadari wao, Cornwallis, hakutokea. Alisema anaumwa, akamtuma msaidizi wake, O'Hara, apeleke upanga. O'Hara akataka kumkabidhi jenerali wa Wafaransa waliowasaidia Wamarekani, Rochambeau, naye akamwonyesha Washington, jemadari wa Wamarekani. Washington akamwelekeza kwa msaidizi wake, Lincoln. Msaidizi kwa msaidizi.

Upanga ulifika, wapendwa, mwenyewe hakufika. Na siku ya toba ndiyo siku kichwa kinapouma! Ni wangapi tunatuma sadaka kwa simu, tunamwomba mchungaji atusemee kwa ndugu, tunalia kanisani kwa Mungu ambaye hatumwoni, kwa sababu tunaona haya kumlilia jirani tunayemwona? Sisi tuliolelewa na balokole, wale waliookoka, wazee waliosimama katikati ya ushirika wakataja dhambi kwa jina lake! Tumejifunza wapi kutubu kwa mjumbe? Mwana mpotevu hakutuma mtumwa. Alisema, "Nitaondoka, nitakwenda kwa baba yangu." Alikwenda mwenyewe, na harufu ya nguruwe mwilini. Ndugu yangu, dada yangu, kama kuna mlango unaoukwepa, usingoje Jumapili. Na Yesu alisema sadaka iachwe pale pale madhabahuni, upatane kwanza.

Jana jioni nilikwenda kwa kaka, mikono mitupu. Nilimkuta barazani ananoa panga lake la shamba. Magoti yalikuwa mazito, sitawaficha. Nikapiga goti kwenye vumbi: "Kaka, nimekosa. Nilikuaibisha mbele ya watu." Alinyamaza muda mrefu, panga bado li mkononi. Kisha akaliweka chini, akausogeza ule mkungu pembeni, nikapata mahali pa kukaa.