Siku Moja Maishani Mwangu: Chumba cha Kupimia Madini na Vito, Arusha

Saa 12:30 asubuhi

Kifodi cha kutoka Sakina kwenda mjini hujaa mapema, na leo nimepata kiti cha nyuma kabisa, kando ya mama mwenye ndoo ya maziwa. Sina mengi ya kusimulia kuhusu safari hii, isipokuwa kwamba ndiyo sehemu pekee ya siku yangu ambapo hakuna anayenishikia kitu mbele ya macho na kuniuliza, "Dada, hiki ni nini hasa?" Ninafanya kazi katika maabara ndogo karibu na Barabara ya Sokoine, ambako masonara, mabroka wa vito na wachimbaji wadogo huleta mali zao zipimwe kabla ya kuuziana.

Saa 2:00 asubuhi

Kwanza ninavaa kipimamionzi kifuani, kwa kuwa mashine yetu kuu ni ya eksirei na vyanzo vya mionzi nchini vinasimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania. Kisha ninapima sampuli rejea, yaani kipande cha aloi (mchanganyiko wa metali) ambacho viwango vyake vya dhahabu, fedha na shaba vinajulikana tayari. Mashine ikitoa majibu yasiyolingana na viwango hivyo, hakuna mteja anayehudumiwa mpaka irekebishwe.

Mashine hii haijali rangi wala uzito. Inarusha eksirei kwenye kitu kinachopimwa, na eksirei hizo zinang'oa elektroni za ndani, zile zilizo karibu na kiini cha atomi. Nafasi ikibaki wazi, elektroni ya ngazi ya juu hushuka kuiziba, na katika kushuka huko hutoa eksirei nyingine yenye nishati maalumu. Nishati hiyo inategemea nguvu ambayo kiini kinazivuta elektroni zake, nayo nguvu hiyo inategemea idadi ya protoni, yaani chembe zenye chaji chanya, zilizomo ndani ya kiini. Kwa hiyo, ingawa skrini inaandika majina na asilimia, kinachosomwa kwa kweli ni hesabu ya protoni. Kiini chenye protoni 79 ni cha dhahabu, chenye 47 ni cha fedha, chenye 29 ni cha shaba, chenye 30 ni cha zinki, na katika ulimwengu mzima hakuna kiini chenye protoni 29 na nusu.

Hunifurahisha kwamba dhahabu yenyewe ndiyo iliyokifichua kiini. Mwaka 1909 Hans Geiger na Ernest Marsden, wakifanya kazi chini ya Ernest Rutherford kule Manchester, walirusha chembe za alfa, ambazo nazo zina chaji chanya, kwenye bati jembamba mno la dhahabu. Karibu zote zikapita, lakini chache zikarudi nyuma. Mwaka 1911 Rutherford akahitimisha kwamba chaji chanya yote ya atomi, pamoja na karibu uzito wake wote, imebanwa katika sehemu ndogo sana ya katikati.

Saa 3:00 asubuhi

Sonara wa jirani ameleta pete. Ya kwanza imegongwa muhuri wa karati 18 na majibu yanakubaliana na muhuri: dhahabu ni asilimia 75, iliyobaki ni fedha na shaba. Ya pili ni ya ile inayoitwa dhahabu nyeupe, na mwenye pete, ambaye ameongozana na sonara, ana wasiwasi kwamba ameuziwa kitu kingine. Ninamwonyesha grafu. Kilele cha dhahabu, yaani nundu ya grafu kwenye nishati ya kiloelektrovolti 9.71, kimesimama mahali palepale kiliposimama kwa pete ya njano. Kilichoongezeka ni nikeli, yenye protoni 28, ambayo inaififisha rangi ya njano. Rangi ni kazi ya elektroni za nje, na hakuna kitu katika atomi kinachobadilika kirahisi kama elektroni za nje. Ningekuwa na uwezo, ningeibandika sentensi hiyo kwenye mlango wa kila duka la vito mjini.

Sonara huyu bado anatumia jiwe jeusi na asidi, na simdharau hata kidogo. Anajua, kwa mfano, kwamba asidi ya naitriki ikichanganywa na ya hidrokloriki huiyeyusha dhahabu ikawa kimiminika cha njano, na anajua jinsi ya kuirudisha. Katika kimiminika hicho kila atomi ya dhahabu imepungukiwa elektroni tatu, haing'ai, haifuliki, wala haina sifa yoyote ambayo mnunuzi angeitambua. Hata hivyo protoni zake 79 hazijaguswa, na ndiyo maana dhahabu yote inaweza kurudi kuwa kipande.

Saa 5:00 asubuhi

Broka mmoja kijana ameleta mawe ya buluu yaliyokwisha kukatwa, na anataka kujua kama yote ni tanzanite. Kito hiki, kilichogunduliwa Mererani mwaka 1967, ni silikati ya kalsiamu na alumini, na rangi yake inatokana hasa na vanadiamu kidogo iliyojipenyeza humo. Ninatafuta kalsiamu kwenye kiloelektrovolti 3.69 na vanadiamu kwenye 4.95. Mawe mengi yanazo zote mbili. Moja halina kalsiamu wala vanadiamu. Badala yake kuna kilele cha kobalti, na kipimo cha mwanga kinaelekea kwenye fosteraiti ya kutengenezwa kiwandani, ambayo ni silikati ya magnesiamu na ambayo imewahi kuuzwa sana kama tanzanite. Magnesiamu yenyewe siioni, kwa sababu elementi zenye protoni chache hutoa eksirei dhaifu mno, na hewa iliyo kati ya jiwe na kihisio inazimeza kabla hazijafika.

Kijana anauliza swali ambalo mabroka wengi huliuliza kwa sauti ya chini: je, mashine inaweza kuonyesha kwamba jiwe lilichomwa? Mawe mengi ya tanzanite hutoka ardhini yakiwa ya kahawia, kisha huchomwa kwenye joto la kati ya nyuzi 500 na 600 za Selsiasi mpaka yageuke buluu ya zambarau. Ninamjibu kwamba mashine hii haiwezi. Moto huo unazipanga upya elektroni za vanadiamu na jirani zake, kwa hiyo mwanga unaofyonzwa ni tofauti na rangi inageuka, lakini vanadiamu iliingia kwenye tanuri ikiwa na protoni 23 na ikatoka ikiwa na protoni 23. Kwa upande wa elementi, jiwe la kahawia na jiwe la buluu ni jiwe lilelile.

Saa 7:00 mchana

Loshoro, yaani mahindi na maziwa mgando, na maji ya kununua. Maji ya visima vingi vya pande hizi yana floraidi inayozidi kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na meno ya kahawia ya wenyeji wengi ni ushahidi wake. Floraidi ni atomi ya florini iliyojipatia elektroni moja ya ziada. Florini yenyewe ni gesi kali inayotoboa hata kioo, ilhali floraidi tunainywa bila kuihisi ulimini. Zote mbili zina protoni tisa.

Saa 8:00 mchana

Tuna mwanafunzi wa chuo aliye kwenye mafunzo kwa vitendo, na saa hii ya utulivu ni yake. Leo ameniuliza kwa nini elementi zisitambulishwe kwa uzito wa atomi, kwa kuwa uzito ndio ambao wafanyabiashara wanauamini. Swali ni zuri, na lilimsumbua mkemia Mrusi Dmitri Mendeleev kabla yetu. Jedwali lake la elementi la mwaka 1869 lilifuata uzito wa atomi, lakini kila alipoona tabia za elementi zinapingana na uzito, alizifuata tabia. Teluri ni nzito kuliko iodini, na bado ilibidi itangulie. Kobalti ina uzito wa 58.93 na nikeli 58.69, na bado kobalti hutangulia.

Aliyefumbua fumbo hilo ni Henry Moseley, Mwingereza ambaye mwaka 1913 alipima eksirei za elementi moja baada ya nyingine na kuona kwamba kipeuo cha pili cha masafa yake (idadi ya mawimbi kwa sekunde) hupanda kwa hatua zinazolingana, hatua moja kwa kila elementi. Namba ya elementi, ambayo mpaka hapo ilikuwa nafasi tu katika foleni, ikawa kipimo cha chaji iliyomo ndani ya kiini: kobalti 27, nikeli 28, bila ubishi. Aliona pia mapengo kwenye namba 43, 61 na 75, na elementi za namba hizo zikapatikana baadaye. Yeye hakuziona. Aliuawa vitani Gallipoli mwaka 1915 akiwa na umri wa miaka 27, na mimi nikifika kwenye kobalti humkumbuka kila mara.

Nimemwambia mwanafunzi asiniamini bali apige hesabu. Achukue namba ya elementi, atoe moja, azidishe jibu kwa jibu lenyewe, kisha azidishe kwa 10.2, apate nishati katika elektrovolti. Kwa shaba, 28 mara 28 ni 784, na mara 10.2 ni takribani 8,000. Mashine inasoma 8,048. Kwa vanadiamu anapata 4,937. Mashine inasoma 4,952. Amerudia kwa zinki na chuma bila kuagizwa, jambo ambalo limenifurahisha kuliko hesabu yenyewe.

Akauliza kuhusu isotopi, yaani atomi za elementi moja zinazotofautiana kwa idadi ya nyutroni. Shaba ina mbili zinazodumu, moja yenye nyutroni 34 na nyingine yenye nyutroni 36, na ya kwanza ni karibu asilimia 69 ya shaba yote. Mashine yetu haizitofautishi, kwa kuwa nyutroni haina chaji na haiongezi lolote katika kuzivuta elektroni. Inaongeza uzito tu, na hapo ndipo uzito ulipowapotosha watu.

Saa 9:00 alasiri

Ameingia mzee mmoja na kitambaa alichokifunga vizuri.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti yangu. Nipimie hii, lakini taratibu."

Ndani ya kitambaa kuna waya wa shaba, kichupa cha unga wa kijivu, na kipande kilichokuwa shaba ambacho sasa kinang'aa njano. Ameelezwa kwamba unga huo ukipashwa moto pamoja na shaba huigeuza kuwa dhahabu, na ameombwa fedha nyingi ili apewe unga wa kutosha. Nimepima mbele yake. Unga ni zinki. Kipande cha njano kina vilele viwili, 8.05 cha shaba na 8.64 cha zinki, na pale kwenye 9.71 hakuna kitu. Zinki imeingia kwenye ngozi ya shaba kwa joto na kuzaa aloi ya njano, ile ambayo vitasa na bomba za maji hutengenezwa nayo. Nimemweleza kwamba 29 na 30 zikiwekwa pamoja hubaki 29 na 30. Ili shaba iwe dhahabu, kila kiini kinahitaji protoni 50 zaidi, na jiko la mkaa halikifikii kiini. Moto hushughulika na elektroni. Nishati inayohitajika kukibadilisha kiini ni mara mamilioni ya ile ya kuunguza kitu chochote.

Mzee hakuridhika haraka. Aliuliza mbona wachimbaji huweka zebaki wakapata dhahabu. Nikamwambia kwamba zebaki hunasa dhahabu iliyokuwamo mchangani tayari, na ikichomwa huondoka kama mvuke wenye sumu na kuiacha. Lakini ameligusa jambo, kwa kuwa zebaki ina protoni 80 na hivyo ni jirani wa dhahabu kabisa. Mwaka 1941 wanafizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard waliipiga zebaki kwa nyutroni wakapata dhahabu yenye mnururisho, isiyodumu. Na mwaka 2025 watafiti wa CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa fizikia ya viini, walitangaza kwamba katika migongano ya miaka ya 2015 hadi 2018 viini vya risasi, vyenye protoni 82, vilipoteza protoni tatu na kuwa dhahabu, ambayo jumla yake haikuzidi sehemu 29 za trilioni za gramu moja. Mzee akacheka. Akaomba majibu yaandikwe kwenye karatasi yenye muhuri, awapelekee waliomuuzia.

Saa 10:30 jioni

Mteja wa mwisho ana kipande kikubwa na cheti cha mahali pengine kinachosema ni dhahabu tupu. Mashine inakubaliana na cheti. Tumekipima uzito hewani na ndani ya maji, na msongamano wake ni gramu 19.3 kwa sentimita ya ujazo, kama dhahabu. Risasi ni 11.3 na shaba haifiki 9, kwa hiyo hizo zimejiondoa zenyewe.

Udhaifu wa mashine ni kwamba haioni mbali. Eksirei za dhahabu zinazotoka chini ya sehemu ndogo sana ya milimita humezwa na dhahabu iliyo juu yake, hivyo tunachokisoma ni ngozi tu. Na kuna elementi moja ya bei nafuu ambayo msongamano wake, 19.25, unaitega mizani: tungsteni, yenye protoni 74. Kwa hiyo nimepitisha mawimbi ya sauti. Katika dhahabu sauti husafiri takribani mita 3,240 kwa sekunde, katika tungsteni takribani 5,200, na humu imesafiri kwa kasi isiyo ya dhahabu. Kwa ruhusa ya mwenye mali tumetoboa. Ncha ya keekee imezama kirahisi, kisha ikagoma. Nimeelekeza eksirei kwenye tundu, na kilele kimetokea kwenye 8.40.

Mteja ameomba niandike matokeo ya juu peke yake, kwa hoja kwamba nayo ni ya kweli. Nimeandika mistari miwili, ya juu 79 na ya ndani 74, nikagonga muhuri, na ada imebaki ileile.