Jina lako liwe kwenye amri ya uhamisho

Wanawake wenzangu wa Afrika Mashariki walioolewa na wanajeshi wa Marekani huniandikia wakishasikia kwamba naishi Bahareni. Karibu wote huanza na joto: ni kali kiasi gani, watoto watalistahimili vipi, wabebe nguo gani. Ya joto nitayaeleza, maana ni mengi. Lakini kabla ya yote humuuliza kila mmoja: je, jina lako limo kwenye amri ya uhamisho ya mume wako?

Mume wangu ni mwanamaji, kazi yake ni bohari na vipuri. Alipopangiwa kutoka Norfolk, Virginia, kuja Bahareni kwa miaka miwili, jina lililokuwa kwenye karatasi ya amri lilikuwa lake peke yake. Mke na watoto huombewa idhini, na mpaka idhini itoke, nyinyi hammo. Wapo wanaochoka kusubiri wakasema, basi nitajikatia tiketi nimfuate. Tafadhali, dadangu, subiri. Ukija bila idhini, serikali haikusafirishii mizigo, watoto hawana uhakika wa nafasi kwenye shule ya jeshi, na nyumba ya hapa mumeo analipiwa kama mtu anayeishi peke yake.

Na idhini yenyewe ina historia yake. Wamarekani walichukua sehemu ya kambi ya Juffair, mtaa wa jiji la Manama, Waingereza walipoondoka mwaka 1971, na tangu 1995 Kikosi cha Tano cha manowari zao kina makao yake makuu hapa. Mwaka 2004 familia ziliondolewa kwa sababu za usalama, na hazikuruhusiwa kurudi hadi 2009. Kwa miaka hiyo yote mwanajeshi alikuja peke yake, hata kama ana mtoto mchanga. Kwa hiyo mtu akikulalamikia kwamba fomu ni nyingi, mwambie ajaze tu.

Kilichoninyima usingizi mimi ni ukaguzi wa afya. Kila anayetakiwa kutajwa kwenye amri hukaguliwa: meno, chanjo, dawa anazotumia, shuleni anahitaji msaada gani. Sababu ni kwamba kliniki ya kambi hailazi wagonjwa. Kulazwa ni kwenye hospitali za mjini, na jeshi halitaki kuleta mtoto mahali ambapo ugonjwa wake utawashinda. Mwanangu wa kwanza ana pumu. Nilikaa mbele ya daktari na faili lake lote, naye akauliza moja moja: alilazwa lini mara ya mwisho, anatumia inhela gani, usiku anaamka mara ngapi akikohoa. Hakunificha. Alisema Bahareni ni vumbi, na kwamba kama tungekuja kwake mwaka uliotangulia, mtoto alipokuwa hospitalini, jibu lingekuwa hapana. Baba watoto alikuwa ananitazama, kwa sababu sote wawili tulijua kwamba ningeyapunguza kidogo maelezo ya usiku, mambo yangekuwa mepesi. Sikupunguza. Mtoto akibanwa na kifua saa nane za usiku katika nchi ya watu, anayemhudumia awe ameshasoma ukweli kwenye faili. Walitupitisha kwa sharti la kuja na dawa za miezi kadhaa na mpango ulioandikwa wa nini kifanyike akizidiwa.

Kisha ikawa zamu ya karatasi zangu. Watoto wana uraia wa Marekani, wakapewa pasi za serikali bila malipo. Mimi nilikuwa na grinikadi na pasi ya Kenya ya zamani. Kenya ilikuwa imeshaanza pasi mpya za kielektroniki tangu 2017, na hizo lazima uende mwenyewe uwekwe alama za vidole. Ikabidi nifunge safari ya Washington na mtoto mdogo mapajani. Kama wewe ni raia wa Kenya, Tanzania au Uganda, pasi yako iwe ya kwanza kushughulikiwa, kabla ya kuulizia makochi yatasafirishwaje.

Halafu kuna jambo ambalo wengi wetu hatuelezwi. Mwenye grinikadi akikaa nje ya Marekani muda mrefu, kwa kawaida siku zake za kuombea uraia huvurugika. Lakini kuna sheria ya mwaka 2008 inayomlinda mke au mume wa mwanajeshi: ikiwa umetajwa kwenye amri na unaishi naye huko alikopelekwa, siku hizo zinahesabiwa kama umezikaa Marekani. Unaweza hata kufanyiwa mahojiano na kula kiapo ukiwa hukohuko ng'ambo. Soma tena sharti: umetajwa kwenye amri. Aliyejikatia tiketi hana haki hiyo. Nimekutana na dada mmoja hapa, mtu wa Tanga, aliyekuja kwa viza ya matembezi kwa sababu alimkosa sana mumewe, na sijui nani wa kumlaumu kwa mapenzi. Lakini miezi yake haihesabiki.

Mizigo nitaipitia haraka. Kuna mzigo mdogo unaokuja kwa ndege na mkubwa unaokuja kwa meli na kuchukua miezi. Vyombo vya umeme vya Marekani viache kwenye ghala la serikali: Bahareni umeme ni wa volti 230, kama nyumbani kwetu, na soketi ni zilezile za matundu matatu. Blenda ya Norfolk itaungua. Mamangu alishangaa nilipomwagiza anitumie plagi kutoka Mombasa na kumbe zinauzwa duka la chini ya jengo. Kwenye mzigo mdogo nilitia sufuria mbili, mwiko, kikaango cha chapati na mbuzi ya kukunia nazi. Mfungaji mizigo aliigeuza ile mbuzi huku na huku, akaniuliza aandike nini kwenye orodha yake. Aliandika kiti.

Sasa joto. Mimi ni mtoto wa Mombasa, unyevu nimezaliwa nao. Lakini kwetu jioni upepo wa bahari huingia barazani na mtu akapata nafuu. Tulitua Agosti, usiku, na nilipotoka uwanja wa ndege miwani iliingia ukungu papo hapo. Mchana joto hupita nyuzi 40, na kwa kuwa hiki ni kisiwa, hewa imebeba maji vilevile. Kuta za nje zinatoa joto hadi usiku wa manane. Tangu katikati ya Juni hadi katikati ya Septemba sheria ya nchi inazuia kazi za juani kuanzia saa sita mchana hadi saa kumi. Nimeifanya iwe sheria ya nyumba yangu pia, na nasisitiza: mtoto hatoki saa hizo, hata kwenda bwawani.

Jambo ambalo hakuna aliyenitajia kabla ni maji. Matangi yako juu ya paa. Kuanzia Juni ukifungua bomba la baridi yanatoka ya moto, si ya uvuguvugu, ya moto, huwezi kumwogeshea mtoto. Jirani yangu, mama wa Kihindi aliyekaa hapa miaka mingi, aliingia bafuni kwangu akazima hita na kuniambia nisiiwashe hadi Oktoba. Tangi la hita liko ndani ya nyumba, kwenye hewa ya kiyoyozi, kwa hiyo maji yaliyomo hupoa. Basi wakati wa kiangazi ukitaka maji ya kupoa unafungua bomba la moto. Binti yangu amekua akijua hivyo, rangi nyekundu ni baridi na buluu ni moto, na itabidi tumfundishe upya tukirudi.

Vumbi huletwa na shamali, upepo wa kaskazini magharibi unaoshuka kutoka upande wa Iraki, hasa Juni na Julai. Unaamka unakuta jengo la pili halionekani. Nimejifunza kubandika utepe kwenye nyufa za madirisha, kuweka taulo lililoloa chini ya mlango, na kupiga deki badala ya kufagia, maana fagio linarudisha vumbi hewani. Mwanangu ameshazidiwa mara moja tangu tuje. Mpango ulikuwa umebandikwa kwenye friji na kwenye ofisi ya muuguzi wa shule, kila mtu akafanya sehemu yake, na alilala kitandani mwake usiku uleule. Nawashukuru sana, yule daktari wa Norfolk na huyo muuguzi.

Shule yao ni Bahrain School, ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani, chekechea hadi kidato cha mwisho, na wamo pia watoto wa mataifa mengine. Wiki huanza Jumapili na kuisha Alhamisi. Tunaishi ghorofani Juffair, karibu na Msikiti Mkuu wa Al Fateh, na kwangu mimi Mwislamu ilikuwa faraja kubwa kuwaamsha watoto kwa adhana baada ya miaka ya Norfolk. Samaki wao mpenzi, safi, ni tasi wetu. Mjini Muharraq, kwenye nyumba ya kale ya Sheikh Isa bin Ali, mtawala wa zamani wa Bahareni, niliwanyanyua watoto waone dari: boriti za mikoko, aina ileile iliyokuwa ikipakiwa kwenye majahazi kutoka Lamu na Rufiji. Vyumba ni vyembamba kwa sababu boriti haizidi urefu wake.

Kuna jambo linalonigusa kila siku. Mlinzi wa jengo letu ni kijana wa Kakamega. Wahudumu wa mikahawa ya mtaa huu, wengi wao ni Wakenya na Waganda, na ndani ya majumba wapo dada zetu wanaolea watoto wa watu. Wamekuja jangwa hilihili, kisiwa hikihiki, na karatasi zao haziwaruhusu kuja na watoto. Yule kijana ana binti aliyezaliwa baada ya yeye kuondoka. Anamjua kwa simu. Tukishuka asubuhi kwenda basi la shule, humshika mkono binti yangu hadi mlangoni na kumuuliza amekula nini. Ndiyo maana sipendi kusikia mwanamke aliyepewa nafasi ya kuandikwa akisema karatasi ni usumbufu.

Januari ni nchi nyingine. Watu wa hapa hupiga mahema Sakhir, kusini, karibu na Jabal Dukhan walikogundua mafuta kwa mara ya kwanza mwaka 1932. Sisi pia hwenda, watoto wakiwa na sweta, tukakoka moto na kuchoma mahindi. Huo ndio wakati wa kuingia Bahareni ukiweza kuchagua: Novemba hadi Februari mtoto anazoea nyumba na shule kabla hajapambana na jua. Mume wako aulize mapema kama tarehe inaweza kusogezwa. Wakati mwingine inawezekana.

Mimi, yule dada wa Tanga na mwingine wa Kisii tunapokea familia mpya. Usiku wa kwanza nyumba huwa na samani za kuazimwa na jeshi tu, na jikoni hakuna hata kijiko. Tunaleta sufuria, unga, majani ya chai, laini ya simu na dinari kidogo za teksi, na tunazima hita kama ni kiangazi. Tuandikieni tarehe ya ndege na idadi ya watoto, na kama yupo mwenye pumu mtuambie, tupige deki kabla hamjafika.