Siku moja maishani mwangu: mifugo yangu haina miguu

Saa kumi na moja alfajiri. Kabla sijapiga mswaki nimeshatumbukiza mkono kwenye sanduku la kwanza la nyungunyungu, minyoo ninaowafuga ili wageuze mabaki ya chakula kuwa mbolea. Nachota konzi ya matandiko wanamoishi, nafinya. Maji yakidondoka tone moja au mawili, unyevu upo sawa. Yakichuruzika, nalazimika kuongeza maboksi makavu niliyoyachanachana. Kisha joto. Nyungunyungu hawa wekundu, ambao wataalamu huwaita Eisenia fetida, wanapenda nyuzi 15 mpaka 25, na Dar es Salaam mwezi wa pili nyuzi hizo tunazisikia redioni, mikoani huko. Zikifika 35 wanaanza kufa. Ndiyo maana kichanja changu kipo chini ya mwembe uani, hapa Tabata, miguu yake minne imesimama kwenye makopo ya maji yenye oili chafu juu. Makopo ni kwa ajili ya sisimizi. Wakipata njia usiku mmoja, asubuhi unakuta sanduku zima ni vita.

Mtaani naitwa Mama Minyoo. Kuna wageni hawanywi chai kwangu, wanasingizia wamefunga. Nimeshazoea. Ila nataka mjue kwamba hii ni kazi ya ufugaji: kuna chakula, maji, joto, maradhi na maadui, na mwenye mifugo halali mchana.

Saa moja naanza mzunguko wa chakula. Kwa kijana wa juisi nachukua maganda ya tikiti na embe. Kwa muuza chipsi mayai nachukua maganda ya mayai, treya nzima nzima. Kwa Mama Zai, mama ntilie wa kona, ndiko kwenye kazi.

“Shikamoo, Mama Zai.”

“Marahaba, mwanangu. Uchafu wako ule pale.”

Uchafu wangu ni ndoo yenye maganda ya ndizi, ya viazi na majani ya chai, vitu vizuri kabisa. Juu yake kamwaga machicha ya nazi, kachumbari iliyobaki yenye ndimu na vitunguu, na mchuzi wa samaki. Kila siku tunaongea jambo hilihili. Machicha yana mafuta, yanachacha na kuita kila mdudu wa Ilala. Ndimu inatia uchachu. Chumvi ndiyo mbaya zaidi, maana nyungunyungu anapumulia ngozi, na ngozi hiyo lazima ibaki na majimaji. Chumvi inayavuta yote nje. Nachuchumaa pale kando ya jiko lake nachambua kwa mikono, wateja wa maandazi wananitazama.

“Hao minyoo wako,” anasema, “wana masharti kumshinda mume wangu.”

Saa tatu mpaka saa nne nakatakata, nafukia kila sanduku kona moja tu, nafunika na magunia mabichi. Basi.

Saa tano ndiyo saa aliyoahidi mteja wangu wa leo. Amepiga simu tangu jana: anataka kilo 50 za mbolea, ni mtunza bustani, kaagizwa na bosi wake. Kwa hiyo nilikuwa na kazi ya kuvuna, na kuvuna ndiko kunakonivunja kiuno. Unamwaga sanduku juu ya turubai penye mwanga, unagawa vichuguu vidogo vidogo. Nyungunyungu hana macho lakini mwanga anaujua na haupendi, anazama chini. Unakwangua juu taratibu, unasubiri wazame tena, unakwangua. Wakishakusanyika chini unawarudisha kwenye matandiko mapya. Kilichobaki unakipitisha kwenye chekeche, lile la mafundi ujenzi, ila wavu wake mdogo zaidi. Halafu unatoa vifuko vya mayai kimoja kimoja, vina ukubwa wa punje ya mtama, vya manjano, na vinavyokaribia kuangua vimeshakuwa vyekundu. Kila kifuko kinaweza kutoa watoto wawili, watatu, hata zaidi. Ukivichekecha vikaenda na mbolea, umeuza ndama pamoja na maziwa.

Saa sita, mteja hayupo. “Niko njiani, dada, niko Buguruni hapa.” Saa saba jua limesimama juu ya mwembe na kivuli kimehama. Nakimbilia duka la jirani kununua chupa za maji ya barafu. Kila sanduku nalilazia moja juu ya matandiko, wapoe. Jirani ananiuliza kama kuna sherehe. Saa nane: “Nipo Relini, nakuja.” Tabata Relini na kwangu ni mwendo wa bodaboda wa dakika chache. Alifika saa kumi.

Kiroba cha kwanza akakifungua, akachota, akanusa. Akanusa tena.

“Dada, mbona hainuki?”

Nikamwambia ndiyo uzuri wake. Ikinuka, ujue chakula kilioza kwa kukosa hewa, hakikupita tumboni mwa mdudu.

“Hapana, mbolea isiyonuka haina nguvu. Huu si udongo tu?”

Hapo tukaanza. Nikamwonyesha punje zake nyeusi zilivyo sawasawa. Nikamweleza kwamba samadi mbichi ukiiweka kwenye mche inaunguza mizizi, hii haiunguzi. Nikamweleza kwamba haitumiki kwa kumwaga kiroba kizima: kwenye udongo wa kuoteshea, sehemu moja ya hii kwa nne za udongo inatosha. Akasikiliza vizuri sana, akanijibu kuwa samadi kiroba kizima ni elfu tatu.

“Samadi ni chakula cha hawa,” nikasema. “Wewe unalinganisha nyasi na maziwa.”

“Sasa niuzie kwa mia tano kilo.”

Bei yangu ni 1,500. Akapiga simu kwa bosi, akaweka sauti kubwa. Bosi naye akauliza kama inanuka. Kijana akajibu, “Hainuki kabisa, bosi,” kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa ya msiba. Bosi akasema basi mwambie aianike kwanza, tusinunue maji. Nikakataa. Ukiianika juani unaua vijidudu vingi vyenye faida vilivyomo, na hivyo ndivyo nusu ya kazi yangu. Tulisimama pale mpaka mapaja yakaniuma, yeye akishika kiroba, akikiachia, akikishika. Mwishowe akachukua kilo 20 kwa bei yangu. Akadai nyongeza. Nikadhani mbolea, kumbe anataka nyungunyungu, “wachache tu, wa kuvulia samaki.” Mifugo ya kuvulia samaki! Nikampa chupa ndogo ya ule mchuzi, maji yanayochuruzika chini ya sanduku, nikamwambia auchanganye na maji mara kumi kabla ya kumwagilia. Kilo 30 zimebaki kwenye korido, na mume wangu hujikwaa kila kitu kinachobaki kwenye korido.

Jioni sikumbuki vizuri mpangilio wake. Watoto walitwanga maganda ya mayai kwenye kinu, wanaipenda kazi hiyo kuliko hesabu. Nyungunyungu ana firigisi kama ya kuku, anahitaji kitu kigumu cha kusagia, na unga ule pia unapunguza uchachu sandukuni. Mimi nilikuwa nachana maboksi nimekaa chini, kwa sababu kuinama kulishakataa. Magunia yamelowekwa. Chupa za barafu, ambazo sasa ni maji ya moto, zimetolewa. Makucha bado ni meusi na nimeshanawa kwa jiki.

Baada ya isha simu ikalia, ujumbe wa sauti. Ni yule kijana.

“Dada, kuna nyungunyungu mmoja katoka kwenye kiroba, mke wa bosi anapiga kelele huku. Anauma?”

Nikamjibu haumi, hana hata meno, amrudishe kwenye bustani kabla hajakauka. Akakaa kimya kidogo, kisha ukaja mwingine: bosi ameiona mbolea, anauliza zile 30 zipo, na je, kesho saa tano nitakuwepo?

Nikamwambia zipo, bei ni ileile, na safari hii atume pesa kabla hajafika Buguruni.