Siku yangu moja korongoni: tumetoka kabla mwanga haujafika

Saa kumi alfajiri nimeshaamka, chai, betri nne, maji lita nane. Nne zangu na nne za akiba kwa sababu mteja siku zote anakuja na chupa moja. Niko Escalante, kusini mwa Utah, Marekani, kazi yangu ni kupiga picha za mandhari kwenye makorongo ya jangwani na siku nyingine kama leo napeleka mtu anayetaka kujifunza. Eneo lenyewe ni Grand Staircase-Escalante, limehifadhiwa tangu 1996, linasimamiwa na Bureau of Land Management, idara ya serikali ya Marekani inayotunza ardhi za umma, na ukilipwa kupeleka wageni lazima uwe na kibali chao, ninacho. Naandika haya maana watu wakiona zile kuta za rangi ya kaa la moto wanasema kazi yako raha, unatembea tu unabonyeza.

Leo mteja ni mzee mmoja wa kwetu anayeishi huku Marekani, tumeamkiana shikamoo marahaba, tukaingia Hole-in-the-Rock Road. Ndo njia waliyoifungua Wamormoni, walowezi wa dini ya Mormoni, na mikokoteni yao 1879 wakitafuta pa kuvukia mto Colorado, na mpaka leo ni ya vumbi, ina makunyanzi yanayotikisa gari mpaka skrubu za tripodi, ile miguu mitatu ya kusimamishia kamera, zinalegea zenyewe. Kilomita 42 hivi tumetumia zaidi ya saa moja. Nikifika kitu cha kwanza natoa sarafu mfukoni nakaza skrubu moja moja, kabla hata sijaangalia mbingu.

Saa moja jua limechomoza, tumepiga fremu chache juu ya miamba, sawa tu. Mzee alitaka kukata njia apite kwenye ule udongo mweusi wenye vinundu vinundu, nikamshika mkono. Ule udongo una uhai, vijidudu vidogo vimeshikanisha mchanga usipeperuke, kiatu kimoja kikikanyaga panachukua miaka mingi kupona. Tunapita kwenye mwamba au kwenye mkondo mkavu wa mto, basi. Akaelewa vizuri.

Saa tatu tukashuka, tukapitia korongo la Peek-a-boo haraka, na kama saa nne na nusu tuko ndani ya jirani yake, Spooky, jembamba zaidi. Hapa kuna sehemu begi halipiti mgongoni, unalivua unaliburuta kwa mkono mmoja, tripodi unaitanguliza, kifua kinasugua ukuta huku na mgongo unasugua ukuta kule. Jiwe lenyewe ni mchanga wa matuta ya jangwa la enzi za dinosaria ulioshikana ukawa mwamba, ukipitisha kidole unahisi chembe zinabaki kwenye ngozi. Na ule mwanga maarufu haupatikani asubuhi wala jioni. Unangoja jua lipande, lipige juu kabisa ya ukuta mmoja, lidunde lishuke ukuta wa pili, lidunde tena, na kila likidunda linabeba rangi ya jiwe, ndo maana ukuta unaowaka ni ule ambao jua halijaugusa. Kamera huielekezi juu hata kidogo, kipande cha mbingu kikiingia kwenye fremu kinaunguza picha nzima. Usikivu wa kamera chini, ISO 100, tundu la mwanga dogo, f/11, kwa hiyo shata inabaki wazi sekunde nne au zaidi, hakuna kukohoa karibu na tripodi.

Kwa hiyo tukasubiri. Kila nusu saa nikamwomba mzee asogee, natoka mpaka mahali ninapoona magharibi, kule kwenye ukuta mrefu wa Straight Cliffs, nikiangalia mawingu, maana ni mwanzo wa Septemba na mvua za radi bado zipo na ukiwa ndani unaona utepe wa bluu tu. Mara ya kwanza safi. Mara ya pili vijiwingu vyeupe. Mara ya tatu, saa sita kasorobo, kuna moja limesimama kama mnara, chini yake kumeshakuwa kijivu cha mvua, na mwanga ndo ulikuwa umeanza kuwaka, yaani bado kama dakika 20 ukuta mzima uwe tayari. Nikarudi nikasema mzee wangu, tunatoka.

Akasema kijana, mbingu hii hapa safi. Nikamwambia ya hapa haituhusu, inatuhusu ya kule maji yanakotoka. Akasema dakika kumi. Nikasema hapana. Akasema nimelipa, nimeendesha gari siku mbili, nimekaa kwenye ufa huu toka asubuhi, sasa mwanga umefika ndo unanitoa? Na mimi kumkatalia mtu wa umri wa baba yangu kunaniuma kweli, nilisikia koo linakauka, lakini 1997 kule Antelope Canyon, Arizona, watu 11 walikufa kwa mafuriko ya ghafla ya mvua iliyonyesha mbali, kule walipo ilikuwa kidogo sana. Sikumweleza yote hayo. Nilimwonyesha gogo tu. Juu ya vichwa vyetu, juu sana mkono haufiki, kuna gogo limekwama katikati ya kuta mbili, halina gome, limejaa nyasi kavu kwenye nyufa. Nikamuuliza, hilo nani alipandisha? Akalitazama. Akapiga picha moja, akaanza kufunga tripodi, hajasema neno.

Tumekaa juu ya mwamba masaa mawili. Maji hayakuja, mimi sikuyaona. Mzee akanitazama kama mtu aliyeibiwa na sina cha kumwonyesha, hiyo ndo sehemu inayochosha kuliko mlima wowote, maana ukitoa watu kwa wakati mara nyingi hakuna kinachotokea na unabaki wewe ndo uliyeharibu siku.

Kurudi garini sijui ilikuwa saa ngapi, mchanga mlaini, joto linatoka juu na chini, nimebeba begi langu na tripodi yake, ile akiba ya maji kaimaliza yote. Njia nzima ya gari kimya. Alivyoshuka nimempa mkono nikamwambia akirudi siku yoyote nampeleka tena simchaji, akaitikia kwa kichwa.

Sa hizi ni saa nne usiku, nimefungua miguu ya tripodi naosha mchanga kwa mswaki, usipotoa leo kesho haifungi. Simu imeingia, ni mzee. Katuma ile picha ya gogo, ukuta wa nyuma ndo ulikuwa unaanza kuwaka, nyekundu inakwenda zambarau, ni nzuri, nzuri kweli kuliko zangu zote za leo. Anauliza kama naweza kumfutia gogo kwenye kompyuta ubaki ukuta peke yake. Nimemjibu mzee wangu naomba uliache.