Gari la Ujiji na Kitambaa cha Baba

Mwaka 2018, miezi michache baada ya kuvunjika kifundo cha mguu wa kushoto katika ajali ya bodaboda, niliamua kununua gari. Mfupa ulikuwa umeunga, lakini kila nilipojaribu kukanyaga klachi ya gari la kazini, maumivu yalipanda hadi gotini, nikaelewa kwamba nikitaka kuendesha tena itanibidi nipate gari la otomatiki, ambalo kazi yake yote hufanywa na mguu wa kulia. Akiba yangu ilikuwa shilingi milioni 8. Fedha hiyo haikuniachia nafasi ya kukosea, kwa sababu giaboksi ya otomatiki ikishakufa, gharama ya kuitafuta nyingine na kuifunga ingenirudisha moja kwa moja kwenye bodaboda.

Nilimwomba baba anisindikize. Alikuwa amestaafu baada ya miaka mingi ya ufundi wa injini za meli hapa Kigoma, kwenye Ziwa Tanganyika, na tangu mwanzo hakunificha jambo. "Mama," aliniambia, kama alivyozoea kuniita, "giaboksi za namna hiyo sijawahi kuzifungua. Lakini oili naijua."

Gari la kwanza tulilikuta Mwanga: Toyota IST ya rangi ya fedha, iliyong'arishwa hadi matawi ya mwembe yakaonekana juu ya boneti. Nililipenda papo hapo. Dalali alikuwa amekwisha kuliwasha kabla hatujafika, na injini ilinguruma kwa utulivu kabisa. Baba aliitikia shikamoo za vijana waliokuwapo, akaweka kiganja juu ya boneti, akakiacha hapo kwa muda, kisha akasema kwa upole kwamba tungerudi kesho yake alfajiri, na kwamba angeshukuru sana kama gari halitawashwa hadi tutakapofika.

Njiani alinieleza sababu, na maelezo yale ndiyo yaliyonifungua macho. Katika giaboksi ya otomatiki, oili haipo kwa ajili ya kulainisha tu. Oili hiyo hiyo, ikisukumwa na pampu, ndiyo inayobana sahani za klachi zilizomo ndani ili gia iingie, na ndiyo inayopokea nguvu ya injini katika tokonveta, yaani kiungo kati ya injini na giaboksi, na kuipeleka mbele. Mpira wa sili ukikakamaa kwa uzee huvujisha presha, hasa gari likiwa la baridi, na joto likiulainisha ubovu hujificha. Sahani zilizolika hufanya kinyume: asubuhi huvumilia, kisha huteleza oili inapopata moto na kuwa nyepesi. Yaani mnunuzi anayeonyeshwa gari lililokwisha kupashwa moto, kisha akalizungusha mtaa mmoja na kurudi, hakuona ubovu wa baridi wala ule wa moto. Baba aliyatoa hayo kwenye mifumo ya haidroliki aliyoizoea melini, na fundi wa magari niliyemuuliza baadaye alikubaliana naye neno kwa neno.

Alfajiri ile niliketi kwenye usukani, nikakanyaga breki, nikawasha, nikaacha injini itulie, kisha nikatoa gia N, yaani huru, nikaiweka D, ya kwenda mbele. Baba alikuwa amesimama kando ya dirisha akihesabu kwa sauti. Giaboksi iliyo nzima huitikia kabla sekunde moja na nusu haijapita, na mwitikio wenyewe ni kama mtu anayekugusa bega. Hii ilikaa kimya hadi baba alipotamka "tatu", ndipo ikagonga kwa kishindo kilichotikisa dashibodi. Tuliizungusha hadi ikapata moto, tukasimama mahali pa tambarare, nikaipitisha gia katika nafasi zote na kuirudisha P, ya kuegesha, huku injini ikiwaka. Baba akachomoa kijiti cha kupimia, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena, akadondosha tone moja kwenye kitambaa chake cheupe. Oili mpya ya giaboksi ni nyekundu kama juisi ya rozela. Tone lile lilikuwa jeusi kama kahawa, na lilinuka mkate ulioungua.

Kisha akamuuliza kijana aliyekuwa dereva wa gari lile swali ambalo mimi nisingelifikiria: "Ukishuka kuelekea stesheni ya reli, gia unaiweka wapi?" Kijana alijibu kwa fahari kwamba huiweka N ili kuokoa mafuta. Nilisikitika kwa niaba ya lile gari. Injini za siku hizi, gari linapoteremka likiwa kwenye gia na mguu umeachia mafuta, hukata mafuta zenyewe, hivyo anayeweka N haokoi kitu; anaziachia breki mzigo wote, na kila anapoirudisha D gari likiwa kwenye mwendo anazishtua klachi za ndani. Katika mji wenye milima kama wetu, jambo hilo hurudiwa mara nyingi kwa siku moja.

Dalali alipunguza bei kwa laki 7 na kusema tubadilishe oili tu, mambo yatakaa sawa. Nakiri kwamba moyo wangu ulikwisha kukubali. Baba alikataa, akanionyesha kitambaa: weusi ule ni unga wa sahani zilizolika, na oili mpya haiwezi kuzirudishia nyama zilizopoteza.

La pili lilikuwa Premio yenye giaboksi ya CVT, isiyo na gia za hatua bali mkanda wa chuma na puli mbili. Lilikwenda vizuri sana, lakini CVT ina oili yake ya pekee, na katika maduka matatu niliyoyapitia mjini sikuipata. Niliona si busara kununua kitu ambacho nitashindwa kukihudumia.

La tatu lilikuwa Ujiji, kwa muuguzi mstaafu aliyekuwa akiliendesha mwenyewe. Lilikuwa Corolla yenye injini ya lita 1.5, ile inayotumia cheni badala ya mkanda wa taiming, na mlango wake wa nyuma ulikuwa na bonde ambalo hakuna aliyejisumbua kulinyoosha. Tulilikuta la baridi. Gia ya D iliingia bila hata kutikisa funguo, na R, ya kurudi nyuma, vivyo hivyo. Kijiti cha oili kilikuwa kimechongwa maneno T-IV, aina ambayo giaboksi ile inaitaka, na katika stoo ya mama yule tuliona makopo mawili matupu yenye maandishi hayo hayo, sasa yakihifadhi misumari. Tone la oili lilikuwa la hudhurungi yenye wekundu, lisilonuka kitu. Baba alimuuliza swali lile lile la mteremko. "Kaka yangu, naiacha kwenye D," alijibu, "na pakizidi kuwa pakali naishusha kwenye 2."

Tulilipeleka kupitia Mwanga hadi stesheni ya reli, kisha nikaligeuza na kupandisha mlima ule wote, jua likiwa kali na giaboksi imekwisha kupata moto. Baba aliniagiza niangalie mshale wa mzunguko wa injini, wala nisiangalie barabara zaidi ya inavyohitajika: mshale ukiruka juu wakati wa kubadilisha gia huku mwendo hauongezeki, hapo pana utelezi. Haukuruka hata mara moja. Katikati ya mlima alinisimamisha, akaniambia nianze tena kutoka hapo, kisha nirudi nyuma kidogo kwa R, na gari likatii. Mguu wangu wa kushoto ulikuwa umelala pembeni, hauumi, na machozi yalinilenga kwa jinsi nilivyokuwa nimelikumbuka jambo hilo dogo la kuendesha.

Tulilinganisha namba ya chesisi na kadi ya gari, tukakubaliana milioni 7 na nusu, na sehemu ya fedha iliyobaki nikanunulia oili ya T-IV. Jioni nilipofika nyumbani, ambako pana mteremko, nilitaka kuweka P mara moja. Baba alinishika mkono: N na breki ya mkono kwanza, gari lilalie breki, ndipo P, ili uzito wote usiegemee kile kipande kidogo cha chuma kinachoifunga giaboksi. Nikaweka N, nikavuta breki, nikaachia mguu taratibu, gari likatulia, nikakanyaga breki tena, nikaweka P.