Mpichi wangu umekataa kulala

Hili tunda kamusi inaliita fyulisi lakini sijawahi kusikia mtu Nairobi akiitisha fyulisi kwa mama mboga, ni pichi tu, na mti wake nitauita mpichi, walimu wa Kiswahili mnisamehe.

Shosho yangu ana mpichi kule Limuru, ulijiotea tu kutoka kwa kokwa iliyotupwa nyuma ya jikoni, na ukishika unazaa hadi matawi yanawekewa nguzo. Mapichi yenyewe ni madogo, nyama nyeupe, yanachelewa kuiva, lakini ukiyachemsha na sukari utaramba sufuria. Nilipohamia Utawala nikasema lazima niwe na wangu, tena wa kisasa. Nikanunua mche wa kugrafti kwa nasari moja kando ya barabara, jamaa akaniapia ni wa ng'ambo, matunda saizi ya ngumi. Miaka minne nimengoja hiyo ngumi. Majani yalitoka kwenye ncha za matawi tu, katikati ni uchi kama fimbo ya mchungaji, maua matano mwezi wa tisa, mengine matatu mwezi wa kumi na moja, yote chini. Nikaweka mbolea, nikapiga dawa, jirani akaniambia nigongelee misumari kwa shina ndio mti uogope uzae. Niligonga bana, misumari miwili, na bado iko.

Kumbe shida ni usingizi. Pichi asili yake ni China, kwenye winta, mti ukisikia baridi unapukutisha majani unafunga macho yake (yale machipukizi ya maua na majani), halafu ni kama kila jicho liko na mita ndani inahesabu masaa ya baridi, ile ya chini ya nyuzi 7 hivi, na mpaka hesabu ya aina hiyo itimie haliamki vizuri. Elberta ya Marekani kwa mfano inataka kama masaa 800. Sasa fikiria Utawala, Julai tukiwa na majaketi tukilalamika, usiku ni nyuzi 11 ama 12, halafu mchana jua likitoka tunafika 21 na hilo joto linafuta hata kale kabaridi mti ulikuwa umekusanya usiku. Unabaki kama soja wa usiku, hajalala na hajaamka.

Watu waliohangaika na hii kitu sana ni Chuo Kikuu cha Florida, tangu miaka ya 1950, kwanza Ralph Sharpe halafu Wayne Sherman. Kazi yenyewe inachosha hata kuisimulia. Mapichi yasiyodai baridi nyingi yalikuwepo, ya kusini mwa China na mengine kama aina inaitwa Okinawa, lakini matunda yake si ya kupeleka soko, na yale makubwa mazuri yote yanadai winta. Ukichanganya, watoto wanatokea katikati kwa sababu hiyo tabia haishikiliwi na jeni moja, ni nyingi, so inabidi umchukue mtoto mwenye tunda zuri kidogo umrudishe tena kwa upande wa baridi kidogo, upande mamia, ungoje miaka miwili mitatu waonje hewa wazae, ukate karibu wote, uanze tena. Huko ndiko ilitoka Flordaprince (si makosa, jina halina ile i ya Florida) miaka ya 1980, inataka masaa kama 150 tu, na baadaye UFSun ya kama 100.

Nektarini nayo watu hudhani ni pichi iliyozaa na plamu. Zii, ni pichi kipara. Manyoya yanaamuliwa na jeni moja na kipara lazima kitoke kwa wazazi wote wawili, so ukichanganya nektarini na pichi isiyobeba jeni ya kipara watoto wote wana manyoya, wakizaana wenyewe ndio robo wanatoka laini, kama yule mtoto anazaliwa na sura ya babu mnayemjua kwa picha tu.

Mimi sasa nimeshikwa na hiyo homa. Rafiki alinipa vijiti vya Flordaprince nikagrafti juu ya miche ya kokwa za shosho. Kwa sababu hata masaa 150 Utawala ni ndoto, nikafanya kama wakulima wa matofaa wa Batu kule Java, Indonesia, ukishavuna unanyima maji kidogo halafu unang'oa majani yote kwa mkono kabla mti haujazama usingizini. Jirani wa misumari alidhani nimerukwa na akili. Wiki chache baadaye ulikuwa waridi mtupu. Matunda nikayavisha mifuko ya karatasi, hao inzi wa matunda hawana huruma.

Halafu nikataka kuchanganya na ule wa Limuru. Hapa karibu nikosee, nilitaka Flordaprince iwe mama, lakini inaiva haraka sana, chini ya siku 80, kiini ndani ya kokwa kinakuwa hakijakomaa, wenye maabara hukitoa wakakilea kwa chupa, na mimi nina friji na watoto wawili. So shosho mti wake ndio mama. Nilikausha chavua ya Utawala kwa karatasi, nikapanda nayo matatu hadi Limuru, nikafungua maua ambayo hayajachanua nikatoa stameni zote, zile nyuzi za chavua (pichi hujichavusha yenyewe), nikapaka kwa brashi ya mekapu ya bibi yangu. Ameshajua.

Nilipata kokwa tisa. Mbegu zinataka baridi na unyevu ndio ziote, nikazitoa ndani ya maganda nikaziweka friji na tishu mbichi, dada wa kazi akatupa tano akidhani ni njugu zimeoza. Nne ziko hapo kando ya siagi, moja imetoa kamzizi juzi. Nikampigia shosho, akauliza itazaa lini, nikasema labda miaka mitatu, akacheka sana, akaniambia basi huo mche nimpelekee aupande yeye, huko kwangu hata mti hauwezi kulala.