Siku Tuliyompa Mchangiaji Mpya Ruhusa ya Kuandika kwenye Tawi Kuu

Mradi wenyewe ulikuwa mdogo: kamusi huria ya kukagua tahajia ya Kiswahili kwa Hunspell, programu huria ya kukagua tahajia. Ni mafaili mawili tu. La .dic hubeba maneno, na mstari wake wa kwanza ni idadi ya maneno hayo; la .aff hubeba kanuni za viambishi. Walezi, yaani wenye ruhusa ya kubadilisha tawi kuu (nakala rasmi ya mradi), tulikuwa watatu. Mwaka 2021 tuliamua kumwongeza wa nne, kijana aliyekuwa ametuletea viraka 14, yaani mapendekezo ya mabadiliko, ndani ya miezi mitano.

Wingi wa viraka haukuwa sababu. Sababu ilikuwa kiraka cha tisa. Aliandika kanuni ya kugeuza ki- kuwa vi-, yaani PFX V Y 1 na chini yake PFX V ki vi ki, kisha akabandika alama ya V kwenye kila neno linaloanza na ki. Kitabu kikatoa vitabu, vizuri. Lakini kiu nayo ikatoa “viu”, na kamusi ikaipitisha kama neno halali. Tulimwonyesha kiu peke yake. Baada ya siku mbili alirudi akiwa amepitia orodha nzima: ameondoa alama kwenye kima, kiburi na kimya, na kwenye maelezo ya komiti (badiliko lililohifadhiwa) ameandika sababu ya neno mojamoja. Aliyeonyeshwa kosa moja akaenda mwenyewe kuwatafuta ndugu zake, huyo anafaa kukabidhiwa tawi kuu. Hata leo hicho ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vingine vyote.

Tuliazima desturi ya miradi ya Apache, shirika la programu huria: pendekezo likae wazi saa 72, zipatikane kura tatu za ndiyo, na anayepinga atoe sababu. Kabla ya hapo tulimwomba awashe uthibitisho wa hatua mbili kwenye akaunti yake. Mwaliko wa GitHub, tovuti tulikouhifadhi mradi, huisha muda baada ya siku saba. Wa kwanza uliishia kwenye barua taka, tukatuma wa pili. Repo (hazina ya mafaili ya mradi) ilikuwa chini ya akaunti ya shirika, kwa hiyo ngazi za ruhusa ni tano, kuanzia ya kusoma tu hadi ya msimamizi. Tulimpa ya tatu, ya kuandika.

Jumamosi iliyofuata, saa tatu usiku, ujumbe wake ukaingia: “Kaka, samahani sana, nadhani nimefuta kazi za watu.”

Komiti 11 hazikuwapo tena kwenye tawi kuu. Ilikuwa hivi. Nakala yake ilikuwa nyuma kwa siku nne. Alipopushi, yaani alipotuma komiti zake, Git (programu inayotunza historia ya mabadiliko) ilimkatalia. Akavuta kazi za wenzake, akakutana na mgongano kwenye mstari wa kwanza wa faili la .dic: upande mmoja 20418, upande wa pili 20431. Jibu sahihi halikuwa hata moja kati ya hayo. Lilikuwa 20444, kwa sababu pande zote mbili zilianzia 20405, huku wakiongeza 13 na kule 26. Akaghairi uunganishaji, akapushi kwa --force, yaani kwa nguvu, nakala yake ikachukua nafasi ya iliyokuwapo.

Na hapo lazima niseme wazi: tabia hiyo tulimfundisha sisi. Kwa miezi mitano, kila tulipomwomba anyooshe kiraka, tulimwambia azipange upya komiti zake kisha apushi kwa nguvu. Kwenye tawi lake mwenyewe hilo halina ubaya wowote. Siku tuliyompa ruhusa hatukumwambia kwamba mambo yamebadilika, na tawi kuu tulikuwa hatujaliwekea kinga yoyote.

Kazi ilipatikana kwa sababu mlezi mwenzetu alikuwa amevuta kila kitu asubuhi ile. Kwenye mashine yake, git reflog show origin/main ilionyesha tawi lilikuwa wapi kabla ya kuvurugwa. Tulifungua hapo tawi la okoa, tukahamishia juu yake komiti mbili za kijana kwa cherry-pick, tukaandika 20444, tukarudisha kwa --force-with-lease, ambayo hukataa kama kuna mtu amepushi kingine katikati. Dakika 40 hivi.

Ruhusa hatukumnyang'anya. Usiku uleule tuliweka kinga ya tawi: hakuna kupushi kwa nguvu, hakuna komiti isiyopitia ombi la kuunganisha, idhini moja ya mtu mwingine, majaribio yapite kwanza, na msimamizi naye afungwe na masharti hayohayo. Ufunguo wa kutoa matoleo tuliuacha mikononi mwa wawili tu. Mwezi wa tatu 2024, mlango wa siri ulipogunduliwa kwenye xz, programu ya kubana mafaili, matoleo 5.6.0 na 5.6.1, uliopandwa na mtu aliyejijengea imani zaidi ya miaka miwili hadi akawa anatoa matoleo mwenyewe, nilishukuru kwamba ruhusa ya kuandika na ya kutoa matoleo tulikuwa tumezitenganisha.

Komiti yake ya kwanza chini ya kinga ilikuwa skripti ya mistari minane. Hunspell huitumia namba ile ya mstari wa kwanza kukadiria kumbukumbu ya kutenga, haihitaji iwe sahihi kila saa. Basi skripti huhesabu maneno na kuiandika wakati wa kutoa toleo tu, na majaribio hukataa kiraka chochote kinachogusa mstari wa kwanza.